Samaki wa bahari kwenye tangi la maji baridi akianza kusumbua: pima maji kwanza, dawa baadae

Wanaonitafuta kuhusu mambo haya karibu wote wanaanza na swali moja, nimpe dawa gani. Samaki katolewa maji ya bahari kaletwa maji baridi (yaani maji matamu, yasiyo na chumvi), siku ya tatu kajibanza pembeni mapezi kayafunga, mwenye tangi kakimbilia dukani kanunua dawa ya bluu, kesho yake kaongeza ya kijani, keshokutwa samaki kafa na filta nayo imekufa kwa sababu dawa hizo zinaua pia bakteria wanaokula uchafu. Inaniuma sana maana mara nyingi pale hapakuwa na ugonjwa wowote, samaki alikuwa anapigana na maji. Kwa hiyo nitapita dalili moja moja lakini utaratibu wangu ni ule ule kila mara, pima maji, angalia chumvi, halafu ndo tuongee habari ya dawa. Uwe na kipimo cha chumvi, vipimo vya matone vya amonia, nitriti, pH na ugumu wa maji, na thamomita. Bila hivyo unabahatisha tu na anayelipa ni samaki.

Ni samaki gani huyo?

Anzia hapa kabla ya dalili yoyote, maana kesi nyingi zinaishia hapa hapa. Kuna samaki wa bahari ambao kuingia maji matamu ni maisha yao toka wakiwa wadogo, wanapanda mitoni na kwenye mikoko na kurudi baharini. Mono (yule wa fedha, bapa, mwenye mistari miwili myeusi kichwani), skati, mkizi, mwatiko, na bunju wadogo wa kijani wenye madoa meusi, hao wana uwezo huo. Mono wapo pwani yetu yote hii. Skati wa madoa wanaouzwa madukani wanatoka Asia ila kuna ndugu yao mwenye mistari ya wima anayepatikana midomo ya mito kuanzia huku kwetu kushuka mpaka Afrika Kusini. Mwatiko ndo kabisa, huku Kilifi, Tanga na Zanzibar anafugwa kwenye mabwawa ya maji chumvi, Ufilipino wanamfuga kwenye vizimba ndani ya ziwa Taal ambalo ni maji baridi, samaki yule yule. Ila mwatiko anapita mita moja kwa urefu na anaruka balaa, kwa tangi la sebuleni mimi simshauri mtu.

Upande wa pili kuna klaunifishi, kangaja, vipepeo, pono, yaani samaki wa matumbawe karibu wote. Hawa hawahamishiki. Hata ushushe chumvi polepole mwaka mzima, mwili wao hauna uwezo wa kugeuka, utawafikisha mahali fulani wataanza kuvimba na kufa. Najua kuna video zinaonyesha klaunifishi kwenye tangi lenye majani ya maji baridi, ukweli ni kwamba samaki anaweza kuonekana mzima kwa masaa kadhaa na video ni dakika mbili. Wengine wanataja wale wa Chuo Kikuu cha Sayansi cha Okayama kule Japani, wanaofuga samaki wa bahari mbali na bahari. Wale hawatumii maji matupu, wanaweka sodiamu, potasiamu na kalsiamu kwa kiwango walichokipangilia, hayo sio maji ya bomba. Kama samaki wako ni wa kundi hili na ameshashushwa, usitafute tiba, anza kumrudisha kwenye chumvi leo leo. Mpandishe mpaka gramu 12 hivi kwa lita ndani ya siku moja apate kupumua, halafu endelea taratibu mpaka 35.

Na mkunga wale wanaouzwa kama wa maji baridi, jina lisikudanganye. Ni samaki wa maji ya mchanganyiko (ya bahari na ya mto), kwenye maji matupu yasiyo na chumvi kinachoanza kumtoka ni hamu ya kula.

Mwilini kinatokea nini

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ukielewa hapa dalili nyingi utazisoma mwenyewe. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Damu ya samaki, awe wa bahari awe wa ziwani, iko karibu theluthi ya hapo, gramu 10 mpaka 12. Akiwa baharini maji ya mwilini yanavutwa kwenda nje, kwa hiyo anakunywa bahari muda wote, matamvua yanatoa chumvi iliyozidi na mkojo ni kidogo sana. Akiwa maji matamu mambo yanageuka yote, maji yanamwingia bila kuyataka kupitia matamvua na ngozi na chumvi yake inatoroka, inabidi aache kunywa, akojoe mfululizo, na matamvua yaanze kuvuta chumvi badala ya kuitoa. Ni dau linalovuja na mtu yuko ndani anafua maji, akisimama tu linazama. Homoni inaitwa prolaktini ndo inaamrisha mageuzi haya, na seli za matamvua zenyewe zinabadilishwa, kazi ya siku kadhaa mpaka wiki mbili, haiamuliwi kwa saa moja kwenye mfuko wa nailoni unaoelea juu ya tangi.

Sasa ona kitu kimoja muhimu. Kati ya 35 na 12 samaki bado anaendesha mwili kwa mtindo wa baharini, tena anapata nafuu maana kazi inapungua. Ndo maana mtu anashusha haraka haraka samaki anachangamka, anadhani mambo mepesi. Akivuka chini ya 10 ndo mtindo unageuka, na matatizo karibu yote yanaanza chini ya mstari huo. Kwa hesabu, chukua tangi la lita 200 lenye gramu 35. Toa lita 40 rudishia maji matamu, unafika 28. Rudia, 22, halafu 18, halafu 14, halafu 11 na nusu. Hatua hizo tano unaweza kuachanisha siku tatu tatu. Ukifika hapo simama wiki mbili kamili. Baada ya hapo badilisha asilimia 10 tu kwa wiki, itakuchukua kama wiki saba kufika 5 na nusu, na mimi kwa moyo mmoja nakwambia usimame hapo. Maji ya gramu 5 mono na skati wadogo wanakaa vizuri, bunju vizuri zaidi, na kosa dogo la filta haliwaui. Kwenda mpaka sifuri inawezekana kwa wadogo lakini sioni anachofaidika samaki.

Anahema mbio, yuko juu kwenye mapovu au kalala chini

Hii ndo dalili ya kwanza na sababu yake namba moja ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki na chakula kinachooza. Bakteria wa filta waliozoea bahari wanadhoofika chumvi ikishuka, wengine wanakufa, na wale wa maji baridi bado hawajaja, kwa hiyo tangi lililokuwa limetulia mwaka mzima linarudi kuwa tangi jipya bila wewe kujua. Juu ya hapo kuna mawe hai. Kama uliacha mawe ya baharini humo ndani wakati unashusha, minyoo, sponji na vijidudu vyote vilivyojificha kwenye matundu vinakufa na kuoza, na harufu utaisikia ukiinama tu. Jiwe moja kubwa linatosha kuangusha tangi. Toa mawe kabla hujaanza kushusha, yapeleke tangi la chumvi la mtu mwingine.

Amonia na pH zisomwe pamoja. Maji ya nyuzi 27 yenye pH 8.2, kati ya amonia yote unayopima kama asilimia 9 ni ile ya sumu kali, kwenye pH 7 haifiki hata asilimia 1. Tangi la samaki hawa pH huwa juu, kwa hiyo kipimo kikionyesha 1 usiseme ni kidogo. Badilisha nusu ya maji muda huo huo, kwa maji yenye chumvi ile ile na joto lile lile, ongeza pampu ya hewa, chakula simamisha siku mbili. Halafu tafuta mtu mwenye tangi la perege au gapi lililokaa muda, muombe sponji chafu ya filta yake uiweke kwenye yako. Hiyo sponji inafanya kazi kuliko chupa nyingi za bakteria.

Amonia ikiwa sifuri na bado anahema, pima nitriti, ambayo ni sumu bakteria wanayoitoa wakila amonia, na mshike samaki umwangalie matamvua. Mekundu ni sawa, yakiwa ya kahawia, damu imeshikwa na nitriti na haibebi oksijeni. Huku baharini hili halimsumbui sana kwa sababu kloraidi ya maji inaizuia nitriti isiingie kwenye matamvua, kwenye maji matupu hakuna wa kuizuia. Kwa hiyo kinachosaidia haraka ni chumvi, hata gramu 1 kwa lita inaleta kloraidi kama miligramu 600, inatosha kabisa kwa nitriti ya kawaida ya matangini. Chumvi haiondoi nitriti lakini, inamkinga samaki tu, kubadilisha maji kuko pale pale.

Vyote viwili vikiwa sifuri, uliza ulishusha kwa kasi gani, na maji mapya ulitoa wapi. Ya bomba yenye klorini yakae kwenye pipa wazi na pampu ya hewa siku nzima kabla ya kutumika, au utumie dawa ya kuondoa klorini. Joto nalo, kati ya 25 na 28 ndo pazuri.

Tumbo limejaa, macho yametoka, magamba yamesimama

Mwangalie kwa juu, sio kwa pembeni. Kwa juu utaona mbavu zimepanuka pande zote mbili, na ukiwa na tochi utaona kila gamba limeinuka ncha yake. Huyu maji yanaingia kuliko figo zinavyoyatoa. Kwa bunju subiri kwanza, bunju akishtuka anajijaza mwenyewe na anashuka baada ya dakika chache, na akila konokono wengi tumbo linabaki kubwa mpaka kesho yake bila tatizo. Kinachokutofautishia ni magamba na macho kwa hao wengine, kwa bunju ambaye hana magamba angalia kama uvimbe haushuki na hataki kula.

Hapa usianze na antibiotiki. Pandisha chumvi mpaka 9 au 10 ndani ya siku mbili, yaani umfikishe karibu na damu yake mwenyewe, ili maji yaache kumvamia na figo zipumzike. Wengi wanaowahiwa hivi magamba yakiwa bado hayajasimama yote wanarudi. Aliyesimama magamba mwili mzima na hakai wima tena, huyo kwa kweli nafasi yake ni ndogo na sitaki kukupa matumaini hewa.

Halafu uliza kwa nini imetokea, na jibu mara nyingi ni ugumu wa maji. Watu wanafikiria chumvi tu wanasahau kalsiamu. Kalsiamu ndo inayokaza matamvua yasivujishe, maji yakiwa laini samaki anapoteza chumvi mara nyingi zaidi. Na hapa mahali unapoishi panahusika sana. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, kwa hiyo wa Mwanza, Kisumu, Entebbe na Kampala mna kazi zaidi. Nairobi maji ya bomba yanayotoka milima ya Aberdare ni laini vile vile. Zanzibar na Mombasa visima vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe ya kale, maji ni magumu tayari, vingine vina chumvi kabisa watu wanavilalamikia kwa kupikia chai ila kwa samaki hawa ni neema. Kigoma na Bujumbura maji ya Tanganyika yana pH ya karibu 9 na madini ya kutosha, nayo mazuri.

Kama maji yako ni laini, tafuta mawe ya chokaa au maganda ya kome na chaza, yaoshe vizuri, yaweke kwenye filta maji yapite katikati yake. Kujua kama jiwe ni la chokaa dondoshea siki, likitoa povu ndo lenyewe, likinyamaza ni jiwe tu. Matumbawe usiende kuvunja baharini, sheria inakataza na miamba yetu imeumia vya kutosha. Lenga ugumu wa kaboneti digrii 8 kwenda juu, hiyo pia inashikilia pH isianguke ghafla usiku ikaua bakteria.

Kageuka mweusi

Mono na skati wakibanwa na jambo wanafifia fedha yao na kuwa weusi weusi, mono anaweza kuwa kama masizi mwili mzima. Ni taarifa tu, inakwambia kuna kitu, haikwambii ni kitu gani. Pima maji kama kawaida. Yakiwa safi angalia idadi. Mono ni wa kundi, ukiweka mmoja peke yake anaishi kwa hofu, ukiweka wawili mmoja anamtesa mwenzie mpaka anakufa. Watano sita wanagawana ubabe wakatulia. Bunju kinyume chake, akiwa peke yake ndo amani, ukimchanganya na skati utakuta skati hana mkia.

Mweusi upande mmoja tu au mabaka meusi yasiyoisha wakati wengine wote weupe, huyo tenga umwangalie kwa karibu.

Pamba, punje na vumbi

Hivi vitatu vinachanganywa kila siku na tiba zake hazifanani. Pamba nyeupe kama manyoya kwenye kidonda au mwisho wa pezi ni ukungu, na ukungu huu ni wa maji matamu, baharini haupo. Samaki aliyekwaruzwa na wavu wakati wa kuhamishwa ndo anaupata. Haupendi chumvi, ukikaa kwenye ile 5 niliyosema utauona mara chache sana.

Punje nyeupe ndogo zilizotawanyika mwilini na mapezini ni vimelea vya madoa meupe, ila vipo vya aina mbili. Vya baharini vinakufa kwenye maji ya chumvi chini ya 16 vikikaa humo wiki kadhaa, kwa hiyo samaki aliyeshuka polepole mpaka 5 ameshavitoroka. Ukiona punje hizo samaki akiwa ameshakaa maji baridi wiki nyingi, hao ni wale wa maji baridi, wameingia na mmea au samaki mpya. Chumvi ikipanda mpaka 5 au zaidi na joto nyuzi 29 kwa wiki mbili wanakwisha, na samaki hawa wanaivumilia bila shida.

Vumbi la rangi ya dhahabu linaloonekana ukimulika tochi kwa upande, samaki anajisugua na kuhema, hilo ni la hatari zaidi kwetu kwa sababu kimelea chake kinavumilia chumvi kuanzia karibu 3 mpaka kupita bahari yenyewe. Yaani maji ya mchanganyiko hayakukingi. Mono anayeweza, muogeshe maji matupu dakika tano ndani ya ndoo, maji yenye joto na pH sawa na ya tangi, wengi wa wadudu wale wanadondoka, halafu mpeleke tangi la karantini. Ukitaka kutumia kopa (dawa ya madini ya shaba) soma hapa vizuri: kipimo cha kopa kilichoandikwa kwa tangi la bahari usikiweke kwenye maji laini. Kwenye maji yenye madini machache kopa ile ile inakuwa sumu mara nyingi zaidi. Bunju na mkunga hawana magamba, kwao kopa usiiguse kabisa.

Na unapokamata skati kwa ajili ya matibabu yoyote angalia miiba ya mgongoni, ina sumu, sio ya kuua lakini maumivu yake yanakaa masaa. Akikuchoma tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu yanapungua.

Hataki kula

Wiki ya kwanza kutokula ni kawaida usimlazimishe, chakula kinachobaki kinakuwa amonia. Ikizidi wiki na maji ni safi basi umekosea menyu. Skati ni mla majani hasa, mchicha uliochovywa maji ya moto ukalainika, tango, majani ya mwani, anakula mpaka unashangaa, akinyimwa majani anazubaa. Mono anakula karibu kila kitu, dagaa kamba waliokatwa katwa ndo wanamfungua mdomo. Bunju anataka vitu vyenye ganda, konokono wadogo, kamba na maganda yao, kome. Meno yake hayaachi kukua, akilishwa minofu laini miezi kadhaa mdomo unaziba na unamuona anakifuata chakula, anagonga, anakiacha. Mtu anasema ana ugonjwa kumbe meno. Mkunga akikataa kula kwenye maji chini ya 5 usihangaike na chakula, pandisha chumvi mpaka 10 umjaribu jioni taa zikiwa zimezimwa.

Vifaa vinapokudanganya

Skima (kifaa kinachotoa uchafu kwenye maji kwa povu) imeacha kutoa povu, haijaharibika, skima inahitaji chumvi ili mapovu yawe madogo na yashike uchafu, chini ya 15 hivi haina kazi tena, iondoe uweke filta ya kawaida kubwa zaidi.

Chumvi inapanda yenyewe bila kuongeza, ni kwa sababu maji yanakauka na chumvi haikauki. Tangi likipungua jazia maji matamu, maji ya chumvi ni kwa kubadilisha tu. Weka alama ya kalamu kwenye kioo ujue linajaa mpaka wapi.

Haidromita ya mshale, kile kipimo cha chumvi cha bei nafuu, inapanda kwa sababu ya viputo vya hewa vilivyong'ang'ania mshale, igonge kidogo kabla ya kusoma, na isuuze kila baada ya kutumia maana chumvi iliyokaukia inaukamata mshale. Rifraktomita, kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga, ni bora ila irekebishe kwa maji yasiyo na chochote, yale maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, lazima isome sifuri. Hakikisha chupa imeandikwa maji, sio asidi, zinakaa rafu moja.

Na chumvi yenyewe. Ya mezani ni sodiamu kloraidi karibu tupu, iodini iliyomo haimdhuru samaki, tatizo ni kwamba haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Chumvi ya kule Uvinza au ya mabwawa ya Gongoni na Bagamoyo ni habari hiyo hiyo, madini mengine mengi yanabaki kwenye maji ya mwisho yanayomwagwa. Kwa dharura ya siku mbili itumie bila wasiwasi. Kwa makazi ya kudumu tumia chumvi ya akwaria, au kama upo pwani maji ya bahari yenyewe yaliyochanganywa na matamu, lita 1 ya bahari kwa lita 6 za maji matamu inakupa ile 5.

Alikuwa mzima miezi yote, sasa anaisha polepole

Hii ndo inayowavunja watu moyo. Hakuna amonia, hakuna doa, anakula lakini anakonda mgongo, rangi inapauka, mapezi yanaliwa kingo, kila wiki afadhali ya juzi. Uliza umri na ukubwa. Mono na skati wanaishi mikokoni na mitoni wakiwa wadogo, wakikua wanashuka baharini, na mwili unafuata ratiba hiyo hata ukiwa Dodoma au Kampala. Mono anafika sentimita 25 hivi, skati anapita 30, na tangi la lita 100 lililomtosha akiwa kama sarafu halimtoshi tena kwa nafasi wala kwa chumvi. Bunju wa kijani naye hivyo hivyo, akishavuka sentimita 7 au 8 maji ya chumvi zaidi ndo yanamrudishia rangi.

Kupandisha ni kuzuri zaidi kufanywa kabla hajaanza kukonda. Mono akifika ukubwa wa kiganja cha mtoto anza, gramu 2 kwa lita kila wiki, kwa kubadilisha maji na kurudishia yenye chumvi zaidi. Ukipita 12 samaki anageuza tena mtindo, safari hii kuelekea baharini, simama hapo wiki mbili kama ulivyosimama wakati wa kushusha, na pima amonia kila siku mbili maana bakteria wa maji baridi nao sasa ndo wanachoka. Konokono wa maji baridi na majani yatoe mapema kabla hayajafa humo ndani. Wenye kuishi pwani chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto na mbali na bandari, yachuje kwa kitambaa kizito, yaache kwenye pipa lenye kivuli na pampu ya hewa usiku kucha, asubuhi pima chumvi na joto ndo uingize. Ukifika 20 mpaka 25 mono na skati wakubwa wanakaa hapo miaka, na ile fedha yao utaiona imerudi.